Shajara ya mradi: baiskeli nane, siku tano milimani

Wiki ya 12 kabla ya kuondoka

Njia imechorwa. Washiriki ni wanane, wote wazoefu wa njia za mawe na mizizi. Siku tano, kilomita 163, mita 5,000 za kupanda. Siku ya 1 ni km 28 na mita 800 za kupanda. Ya 2, km 36 na mita 1,250. Ya 3, km 42 na mita 1,450. Ya 4, km 31 na mita 900. Ya 5, km 26 na mita 600. Siku ya 3 ndiyo inayobeba mradi mzima, kwa hiyo hesabu nyingi humu zinaihusu.

Ustadi haututii wasiwasi. Kundi la wazoefu huponzwa na kitu kingine: kila mmoja ana utaratibu wake uliomfaa kwa miaka, na kila mmoja anaamini kwamba asichokibeba yeye kimo kwenye begi la mwenzake. Kwa hiyo kipaumbele cha shajara hii ni vile vinavyotumiwa kwa pamoja: muda, spea, maji na mawasiliano.

Faili moja la GPX (faili la kidijitali lenye mstari wa njia) la siku ya 3 liliingizwa kwenye programu mbili za ramani. Ya kwanza ikatoa mita 1,450 za kupanda, ya pili 1,790. Hakuna iliyoharibika. Data nyingi za mwinuko zinatokana na vipimo vya rada vya SRTM vilivyochukuliwa kutoka angani Februari 2000, ambako kila kipande kinafunika eneo la takriban mita 30 kwa 30. Njia nyembamba iliyokata ubavu wa mlima wenye mwinamo wa nyuzi 30 ikisogezwa pembeni mita 15 tu kwenye ramani, mwinuko wake unabadilika kwa karibu mita 9. Kosa hilo likijirudia kila kona, programu isiyolainisha data inajumlisha vilima ambavyo havipo. Dawa yake ni ya kizamani: kuhesabu mistari ya kontua kwa kidole. Kontua za mita 20 zimetupa kati ya mita 1,420 na 1,480, basi tumeshika 1,450.

Ugumu wa njia tumeusoma kwenye OpenStreetMap, yenye alama ya mtb:scale kuanzia 0 (rahisi kabisa) hadi 6 (ngumu kabisa). Sehemu kubwa ya njia yetu ni 2, na vipande viwili ni 3. Kipande kisicho na alama kisihesabiwe kuwa rahisi. Maana yake ni kwamba hakuna aliyekiandika bado.

Wiki ya 10

Ruhusa zimeombwa kwa kila kipande cha njia peke yake. Njia inaweza kuwa wazi kwa waenda kwa miguu na ikawa marufuku kwa baiskeli, na mpaka wa umiliki wa ardhi hauonekani kwenye faili la GPX. Vipande viwili havijajibiwa. Kwa kila kimoja tumeshachora mchepuko.

Kanuni ya muda iliyokubaliwa: saa moja kwa kila km 12 za umbali, ongeza saa moja kwa kila mita 450 za kupanda. Siku ya 3 inatoa saa 3:30 za umbali na saa 3:13 za kupanda, jumla saa 6:43 za magurudumu kuzunguka. Kuna km 1.6 ambako mwinuko unafika asilimia 20 juu ya kokoto zilizolegea. Hapo baiskeli itasukumwa, karibu km 2 kwa saa, na kanuni inakubaliana na kasi hiyo. Kusimama tumekisia hivi: vituo 9 vya dakika 8, chakula dakika 40, matengenezo dakika 30. Jumla ya siku ni saa 9:05. Tukiondoka saa 1:00 asubuhi tunafika saa 10:05 jioni, na jua linazama kama saa 12:30. Sharti letu ni kufika saa mbili kabla ya giza, kwa hiyo kwenye karatasi tumepita.

Mshiriki mmoja ameuliza kuhusu baiskeli ya umeme. Jibu ni hapana kwa njia hii: mwisho wa siku ya 2 hakuna umeme wa kuchajia, na baiskeli yenye mota iliyozimika katikati ya siku ya 3 ni mzigo wa zaidi ya kilo 20 wa kusukumwa mlimani.

Wiki ya 8: ukaguzi wa baiskeli

Kila mmoja amejaza fomu ya sehemu za baiskeli yake na kutuma picha. Picha zimesaidia kuliko fomu, kwa sababu watatu waliandika aina ya padi za breki wanayodhani wanayo.

Matairi: baiskeli sita ni inchi 29 mbele na nyuma, mbili ni 29 mbele na 27.5 nyuma. Zote ni tyubulesi, yaani tairi halina tyubu ndani na dawa ya maji ndiyo inayoziba matundu. Tyubu ya 27.5 inaweza kuvutwa ikaingia kwenye 29 wakati wa dharura, lakini ya 29 ndani ya tairi la 27.5 inajikunja na kukatika kwenye mkunjo. Kwa hiyo spea ya pamoja itakuwa ya 27.5.

Breki: tano zinatumia mafuta ya madini, tatu zinatumia DOT, mafuta ya breki kama ya gari. Hizi mbili hazichanganywi hata tone, kwa kuwa mpira wa sili uliotengenezwa kwa moja huvimba au kuharibika ukikutana na nyingine. Wenye DOT wametakiwa kubadilisha mafuta kabla ya safari. DOT hunyonya unyevu wa hewa. DOT 4 mpya inatakiwa ichemke si chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 155. Kwenye mteremko wa mita 900 mfululizo tofauti hiyo inasikika kwenye kidole: mpini wa breki unaanza kulainika, kisha unagusa usukani.

Padi: maumbo manne tofauti kwa baiskeli nane. Hakuna njia ya mkato hapa, kila mtu anabeba jozi mbili zake. Matope yenye mchanga yanaweza kumaliza padi laini za resini kwa siku moja. Padi za chuma zinapiga kelele lakini zinadumu. Na jozi mpya haifungwi jioni ya kuamkia siku ngumu bila kulainishwa: ongeza mwendo kidogo, punguza hadi kasi ya kutembea bila kufunga gurudumu, mara 20, kisha mara 10 kwa mwendo mkubwa zaidi. Padi isiyofanyiwa hivyo haikamati vizuri.

Kihamisha gia: baiskeli tano zina kisikio (kipande kinachoshikilia kihamisha gia kwenye fremu) cha UDH, kipimo cha pamoja kilicholetwa na SRAM mwaka 2019. Tatu zilizobaki zina visikio vitatu vya maumbo tofauti, na wenye baiskeli hizo hawakuwa na spea hata mmoja. Kipande hiki cha alumini kimetengenezwa kipinde au kivunjike kabla ya fremu kuumia. Hakiazimwi wala hakibuniwi porini. Tutabeba UDH mbili za pamoja, na wale watatu kila mmoja chake.

Mnyororo: saba ni za gia 12, mmoja ni wa gia 11. Pingili za kuunganishia za gia 12 zinatofautiana kati ya kampuni na kampuni. Tutabeba mbili za kila aina, na mbili za gia 11. Minyororo miwili imepimwa na kukutwa imerefuka kupita asilimia 0.5. Ibadilishwe sasa, isingoje wiki ya mwisho, maana mnyororo mpya juu ya sproketi zilizolika unaruka meno pale mtu anapokanyaga kwa nguvu mlimani. Ni bora kujua mapema kama sproketi nazo zinahitaji kubadilishwa.

Njiti (spoki): urefu tofauti hadi minne kwenye jozi moja ya magurudumu. Badala ya kubeba mzigo wa njiti, kila kundi litakuwa na njiti moja ya dharura ya kamba imara.

Wiki ya 6: mzunguko wa majaribio

Nusu siku, km 21, mita 720 za kupanda, wote wanane pamoja, na mizigo ya kweli mgongoni. Kanuni ilitabiri saa 3:21 za kuendesha, ikawa 3:30. Kosa la dakika 9 si kosa. Kusimama ndiko kulikotuvua nguo: tulikisia dakika 51, zikawa 98.

Dakika 41 ziliishia kwenye tairi moja la nyuma. Jiwe lilichana ubavu, uzi wa kuzibia haukushika, ikabidi tyubu iingie. Kabla ya tyubu lazima valvu ya tyubulesi itolewe, na nati yake ilikuwa imekazwa kwa koleo, dawa ya tairi ikakauka kwenye nyuzi zake, ikagoma. Ilipotoka hatimaye, tyubu ikawekwa, ikapata pancha kabla gurudumu halijarudi kwenye baiskeli. Hapa kuna jambo ambalo hata wazoefu husahau: tairi la tyubulesi lililozunguka miezi kadhaa lina miiba kibao ndani yake, kila mmoja umezibwa na dawa bila mwenyewe kujua. Ukiweka tyubu bila kung'oa miiba hiyo, umeiweka juu ya msasa. Pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, kinaponasa ndipo penye mwiba. Usipitishe kidole kitupu.

Dakika 24 zilikuwa za kungojana kwenye njia panda, 19 za kuvaa na kuvua makoti kwa zamu (mmoja akisimama, saba wanasimama), na 14 za kutafuta pampu ya shokapu ambayo kila mtu alijua ipo. Haikuwepo. Nane kati yao walikuwa wameiacha nyumbani, yaani wote.

Sasa tukitumia kipimo hiki badala ya kisio, saa 6:43 za kuendesha siku ya 3 zinakuwa kama 7:00, na dakika 98 kwa saa 3:30 ni dakika 196 kwa saa 7. Ongeza chakula dakika 40. Siku ya 3 inakuwa saa 10:56, kufika saa 11:56 jioni. Nafasi iliyobaki kabla ya giza ni dakika 34, na hapo bado hakuna aliyeanguka.

Wiki ya 5: mabadiliko

Kundi limegawanywa mara mbili, wanne wanne, la pili likiondoka dakika 20 baada ya la kwanza. Wapo waliopinga wakisema raha ya safari ni kuwa pamoja. Watakuwa pamoja kwenye chakula na jioni. Hesabu mpya ya siku ya 3: kuendesha saa 7:00, vituo 9 vya dakika 5, chakula 40, matengenezo 45, jumla saa 9:10. Kundi la kwanza linaondoka saa 12:30 asubuhi na kufika saa 9:40 alasiri, la pili saa 10:00 jioni.

Mpangilio ndani ya kundi: wa mbele hasubiri kila baada ya dakika kadhaa; anasubiri kwenye kila njia panda mpaka amwone wa pili kwa macho, wa pili anamsubiri wa tatu, hivyo hivyo. Kwenye mteremko umbali ni mita 20 hadi 30, zaidi penye vumbi. Vifaa vizito na sanduku la huduma ya kwanza vinakaa kwa mtu wa mwisho. Kikiharibika kitu, yeye atafika hapo bila kupanda tena mlima. Vikiwa kwa wa mbele, vinakuwa kilomita mbili chini ya bonde wakati vinahitajika juu.

Vifaa vya kila kundi la wanne: pampu ya mkono, pampu ya shokapu, chupa mbili za dawa ya tairi za ml 60, nyuzi za kuzibia 10 nyembamba na 5 nene, kipande cha ubavu wa tairi kuukuu cha kuwekea ndani penye mchano, kitoa mnyororo, pingili, tyubu moja ya 27.5, UDH moja, njiti ya dharura, kiini cha valvu na kifungulio chake, spana za alen mm 2 hadi 8, Torx T25 ya bolti za diski, tai za plastiki 10, na gundi tepu mita mbili iliyozungushiwa kwenye mwili wa pampu. Mitungi midogo ya gesi inaruhusiwa ila haihesabiwi kama pampu: baadhi ya dawa za tairi huganda zikipigwa na baridi ya gesi hiyo, na gesi yenyewe huvuja kwenye mpira haraka kuliko hewa.

Kila mtu anabeba tyubu yake moja, padi, na kisikio kama hana UDH.

Jina la mbebaji limeandikwa mbele ya kila kifaa. "Kundi" si jina la mtu.

Wiki ya 3: matengenezo

Kazi zote za karakana zifungwe wiki hii. Breki iliyotolewa hewa au foki iliyofunguliwa huonyesha kasoro yake kwenye matembezi mawili matatu ya mwanzo, kwa hiyo zinahitaji siku za kujaribiwa. Kuanzia siku 10 kabla ya safari hakuna kifaa kipya: si kiatu, si kiti, si tairi.

Foki nne zilikuwa zimepita saa 50 tangu mafuta ya miguu ya chini yabadilishwe, zimefanyiwa kazi. Kuzama kwa foki na shokapu kumepimwa upya mtu akiwa na begi lake la safari, maana kilo 7 mgongoni zinatosha kuongeza kuzama huko. Shabaha ni asilimia 25 hadi 30.

Dawa ya tairi: ml 110 hadi 120 kwa tairi la 29 lenye upana wa inchi 2.4. Matairi matatu yalipofunguliwa yalikuwa na ngozi kavu tu ndani. Nati za valvu zote zimefunguliwa, zikapakwa mafuta kidogo na kukazwa kwa vidole. Kila mshiriki ameonyesha mbele ya wenzake kwamba anaweza kuitoa yake bila koleo. Upepo wa kuanzia kwa mtu wa kilo 80 ni psi 22 mbele na 25 nyuma. Penye mawe makali ongeza psi 1 au 2.

Diski mbili zilikuwa chini ya mm 1.5, zimebadilishwa.

Wiki ya 2: maji, chakula, mawasiliano

Siku ya 3 ina kipande kikavu cha km 17 na mita 700 za kupanda. Kanuni inatoa saa 3 za kuendesha, na pamoja na vituo saa 4. Kwa lita 0.75 kwa saa ni lita 3 kwa kila mtu, yaani kilo 3 katika zile 7 zilizoruhusiwa mgongoni. Zinazobaki ni kilo 4 za nguo, vifaa na chakula, na ndiyo sababu gari la mizigo linatukuta mwisho wa siku ya 1, 3 na 4. Usiku wa siku ya 2 gari halifiki. Maji ya mtoni yachemke kwa dakika 1, na juu ya mita 2,000 kwa dakika 3. Chujio la nyuzi lisiachwe kwenye baridi ya kugandisha: likiganda linapasuka ndani na kwa macho halionyeshi chochote.

Chakula cha njiani: gramu 60 za wanga kwa saa, gramu 420 kwa saa 7. Kigawanywe kwenye vifuko vya saa moja moja.

Kila kundi lina kifaa kimoja cha mawasiliano ya setilaiti. Njia za kutokea zimepewa herufi A hadi H, na nakala ya karatasi ipo kwa kila mtu. Viwianishi vinatumwa kwa nyuzi za desimali tu. Katika zoezi, mmoja alisoma nyuzi na dakika 30 akaandika .30 badala ya .50, kosa hilo la nyuzi 0.2 za latitudo ni kilomita 22. Vifaa vyote sasa vimewekwa mpangilio mmoja. Filimbi: mipulizo 6 kwa dakika, pumzika dakika moja, rudia, jibu ni mipulizo 3.

Aliyegonga kichwa akachanganyikiwa, akapata kichefuchefu au akasahau tukio lenyewe haendelei kuendesha siku hiyo, hata akisisitiza kwamba yuko sawa. Mwenye kauli ni mtu wa mwisho wa kundi, mwenye sanduku. Kanuni hii imesainiwa mapema kwa sababu mzoefu aliyeumia ni mbishi.

Siku 3 kabla

Ruhusa moja imekuja, ya pili imekataliwa. Mchepuko wa siku ya 4 unaongeza km 3. Utabiri unaonyesha mvua usiku wa siku ya 2. Njia ya juu ya siku ya 3 ni udongo wa mfinyanzi: ukilowa unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma, na alama za matairi zinageuka mifereji. Uamuzi utatolewa siku ya 2 saa 12:00 jioni. Udongo ukishikamana ukifinywa mkononi, tunapita njia ya chini, km 38 na mita 980.

Siku 1 kabla

Baiskeli zote zimekaguliwa na mtu asiye mwenyewe. Kasoro zilizopatikana: bolti moja ya diski imelegea, kiini kimoja cha valvu kinavuja, na mshiriki mmoja ana kisikio cha spea cha fremu aliyouza. Kisikio sahihi kimepatikana jioni. Pampu za shokapu zimehesabiwa: mbili.